Hasira inayokuja saa moja usiku

Ndugu washauri,

Mwanangu ana miaka minne na miezi miwili. Nilikaa na uchungu tangu Jumamosi usiku hadi Jumatatu alfajiri. Alipotoka hakulia, akawekewa oksijeni, na siku ya pili degedege likaanza. Alipofika mwaka na nusu hajakaa ndipo nikaambiwa ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, hakai bila kushikwa, ila akisikia sauti yangu mlangoni anacheka. Kila usiku namnywesha fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege.

Nauza vitumbua, hivyo naamka saa kumi alfajiri. Yeye usiku analala vipande vipande, mara analia saa saba, mara saa tisa. Lakini kinachonimaliza ni chakula cha usiku. Nampakata, kichwa nakilaza kwenye mkono wangu wa kushoto, namlisha uji au wali uliopondwa na mchuzi. Anakakamaa mwili mzima, anasukuma chakula nje kwa ulimi, anapaliwa, namfuta, tunaanza upya. Saa moja na nusu inapita hivyo. Kuna siku naona kama ananikomoa. Wiki mbili zilizopita nilimpiga kofi pajani. Juzi nikampiga tena, mkononi, kwa nguvu. Hakulia. Aliniangalia tu, na yale macho hayanitoki.

Mama mkwe anasema kwao hakuna mtoto wa namna hii, nitafute kwetu kuna nini. Mume wangu si mtu mbaya, lakini hajawahi kumlisha hata siku moja. Wifi yangu alijifungua wiki moja baada yangu. Januari mwanawe alianza chekechea, akaletwa nyumbani amevaa sare tumwone. Nilicheka nao, nikampa mtoto zawadi, halafu nikaingia bafuni nikalia. Namwonea wivu mtoto wa watu.

Na hili sijamwambia mtu: usiku mmoja nilimwomba Mungu amchukue, apumzike, nami nipumzike. Asubuhi nilijichukia. Nasali, nafunga, na hasira bado inarudi. Alhamisi ijayo tuna kliniki ya mazoezi ya viungo, nami naogopa wakijua nilichofanya watanichukulia mtoto. Je, nina roho mbaya?

Mama, Morogoro

JIBU

Mama, huna roho mbaya. Makofi yale yasirudi, na tutasema hapa namna ya kuyazuia kwa vitendo. Barua yako yenyewe imetuonyesha pa kuanzia. Umetaja mambo mengi yanayokuumiza, lakini mkono wako umenyanyuka mara mbili, na mara zote kijiko kilikuwa katikati. Hasira yako ina saa yake. Inakuja saa moja usiku, mama ameshakuwa macho saa kumi na tano, mgongo unauma, mtoto naye amechoka. Hiyo ni saa ya kupangwa upya, na sala zako ziendelee pembeni ya mpango huo.

Kwanza lile neno "ananikomoa". Ulimi unaosukuma chakula nje kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hauko chini ya amri yake. Ubongo ulioumia unautuma ulimi mbele pale unapopaswa kurudi nyuma. Kukakamaa ni hivyohivyo. Kichwa kinapolazwa nyuma, misuli ya mgongo na miguu inavutika yote pamoja, mtoto ananyooka kama ubao, na shingo iliyonyooka hivyo inaacha njia ya hewa wazi. Uji unashuka wenyewe kabla hajajiandaa kumeza. Anapaliwa, anaogopa, anakaza zaidi. Nawe unaona mtoto anayekataa chakula ulichokihangaikia, wakati yeye anapigania pumzi. Mlikuwa wawili mnaohangaika na mkao mbaya, na hakuna aliyewaonyesha mwingine.

Kwa hiyo kesho usimpakate. Tafuta kiti kidogo cha plastiki chenye mgongo na mikono, au mketishe kwenye kona ya chumba, kuta mbili zimzuie pande zote. Makalio yarudi nyuma kabisa hadi yaguse mgongo wa kiti, na nyonga zikunjwe. Mkunjo huo wa nyonga ndio unaovunja kule kukakamaa, kwa hiyo ukikosea hapo mengine yote hayatasaidia. Akiteleza mbele, viringisha kanga iwe nene kama mkono wako uiweke chini ya mapaja karibu na magoti. Kanga nyingine ifungwe mbele ya nyonga, chini ya tumbo, kamwe si kifuani. Miguu isining'inie: weka boksi au tofali lililofunikwa nguo chini ya nyayo. Taulo zilizokunjwa ziwekwe pembeni kama anaegemea upande mmoja.

Wewe kaa mbele yake, chini, macho yako yawe sawa na yake au chini kidogo. Ukimlisha ukiwa juu atainua uso kukutazama na shingo itarudi nyuma. Kidevu chake kielekee chini kidogo, kama mtu anayetazama meza. Kijiko kiwe kidogo, kisicho na shimo refu, na kisiwe cha plastiki nyepesi inayoweza kukatika akiuma. Jaza nusu tu. Kiingie kwa usawa wa mdomo, kikandamize katikati ya ulimi kidogo, kisha kitoke moja kwa moja bila kukwangua meno ya juu. Akikiuma, usivute, kwa kuwa ukivuta atauma zaidi. Subiri aachie. Mdomo ukibaki wazi, weka kidole gumba chini ya mdomo wake na kidole cha kati chini ya kidevu, umsaidie kufunga taratibu. Halafu ngoja umwone amemeza. Kuna watoto wanaohitaji kumeza mara mbili kwa kijiko kimoja, na haraka ya mlishaji hapo ndiyo inayoleta kupaliwa.

Chakula nacho kibadilike. Wali na mchuzi ni mgumu kwake kwa sababu ni vitu viwili kinywani, maji yanakimbia na punje zinabaki. Uji mwepesi unakimbia vilevile. Mpe kitu cha aina moja, laini, kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumiminika: ndizi au viazi vilivyopondwa, parachichi, maharage yaliyopitishwa kwenye chujio, uji mzito. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia au siagi laini ya karanga isiyo na chembe katika kila bakuli, ili chakula kidogo kibebe nguvu nyingi.

Na muda: dakika 30, basi. Baada ya hapo misuli ya kumezea huchoka, chakula kinachoingia kinamlipa kidogo kuliko nguvu anayotumia, na hatari ya kupaliwa inapanda. Weka simu ikuite, ikilia simamisha, hata kama bakuli lina nusu. Milo mikubwa mitatu igawe iwe midogo mitano. Mlo mkubwa uwe wa mchana, ule wa usiku usogeze hadi saa kumi na moja jioni na uwe mdogo. Akimaliza abaki ameketi dakika 30 kabla ya kulazwa. Tunajua mama anayeacha nusu ya chakula bakulini anajiona amemnyima mwanawe. Hujamnyima, utampa tena baada ya saa mbili tatu.

Kama baada ya kubadilisha mkao bado anakohoa kila mlo, au sauti yake baada ya kumeza inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, au anapata homa na kifua mara kwa mara, au uzito unashuka kwenye kadi, hayo ni ya hospitali. Chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu. Midomo ikigeuka rangi wakati wa kula, simamisha mlo na mwende siku hiyohiyo.

Sasa mkono wako. Hasira haianzii kwenye kofi. Kabla yake taya linakaza, kifua kinapata joto, vidole vinambana mtoto kuliko inavyohitajika. Chagua dalili moja, tunapendekeza vidole, uifanye amri: vidole vikikaza, kijiko chini. Usijiulize kama una sababu. Hakikisha mdomo wake hauna chakula, mtoe kwenye kiti, mlaze kwa ubavu kwenye mkeka, mbali na jiko la mkaa na ndoo ya maji, kisha toka hadi mlangoni dakika tano. Tia mikono kwenye maji baridi. Pumua ukihesabu nne kuingiza na sita kutoa, mara kumi. Ile pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Atalia. Kulia dakika tano akiwa amelala kwa ubavu, mdomo mtupu, bila degedege, hakumdhuru. Kumtikisa au kumpiga kunaweza kumdhuru, na kumtikisa mtoto asiyeweza kuzuia shingo yake ni hatari hata pasipo alama yoyote mwilini. Mlo ukikatizwa hivyo, usiuendeleze saa hiyo.

Kuhusu makofi yaliyokwisha kupigwa, kuna kitu unaweza kufanya leo. Mshike, mtazame, mwambie: "Mama alikasirika akakupiga. Haikuwa kosa lako. Samahani." Mtindio wa ubongo unagusa kwanza mwendo wa mwili, na watoto wengi wasiosema wanaelewa kuliko tunavyodhani. Huyu anayecheka akisikia sauti yako mlangoni ataelewa angalau ile sauti ya kuombwa radhi.

Usingizi tunauweka karibu na kijiko kwa uzito. Mtu anayeamshwa saa saba na saa tisa kisha akaamka saa kumi hana akiba ya subira, awe mcha Mungu namna gani. Unahitaji saa tano mfululizo. Lala saa tatu usiku hadi saa nane, na katika saa hizo akilia anaamka baba yake. Mpe maelekezo yanayoshikika: mgeuze ubavu wa pili, weka mto katikati ya magoti, angalia kama amelowa, mpigepige mgongo taratibu. Usimwambie "nisaidie na mtoto", neno hilo ni kubwa na mtu hajui aanzie wapi. Mwambie "akilia kabla ya saa nane ni wewe". Baba wengi wanaokwepa kumshika mtoto kama huyu wanaogopa kumvunja au kumpalia, na wanaona haya kusema. Mkae naye Jumapili mchana umwonyeshe kiti na kijiko, amlishe vijiko vitano tu mbele yako. Vijiko vitano vinatosha kwa siku ya kwanza.

Lakini pia ulizeni kwa nini analia. Mtoto asiyesema analia kwa jino bovu, kwa sikio, kwa choo kigumu, kwa chakula kinachorudi kooni. Kama ana siku tatu hajapata choo, au choo ni kama cha mbuzi, anza hapo: maji zaidi, papai, na umwambie daktari. Kama analia unapompanua miguu kumbadilisha nepi, mwambie daktari apime nyonga. Kwa watoto wasiotembea nyonga huweza kusogea kidogokidogo kutoka mahali pake, inauma, na mara nyingi inagunduliwa kwa eksirei tu. Tena, fenobabitoni yenyewe huwafanya baadhi ya watoto wawe wasumbufu na usingizi wao uvurugike. Lizungumze hilo na daktari. Usiipunguze wala kuiacha mwenyewe, hata usiku mmoja, kwa sababu ikikatwa ghafla degedege linaweza kurudi kali. Likirudi, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, na likizidi dakika tano mkimbize hospitali.

Wivu. Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani, Simon Olshansky, aliandika kuhusu wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, akasema huzuni yao haifuati ngazi ya kupanda ukaisha. Inaishi, inalala, inaamshwa. Aliiita huzuni ya kudumu, na alisisitiza kwamba ni hali ya kawaida, si ugonjwa. Tunaitaja kwa sababu watu watakuambia "kubali" kana kwamba kukubali ni mlango unaopitwa mara moja. Umemkubali mwanao, unaamka kwa ajili yake kila siku. Ile sare ya chekechea ilikuonyesha mtoto uliyemwota ukiwa na mimba, nawe ukamlilia. Haikuwa chuki kwa mtoto wa wifi. Huzuni hii ina tarehe zinazojulikana: Januari shule zikifunguliwa, nguo mpya za sikukuu, siku aliyozaliwa. Ukijua inakuja, jipangie. Siku hizo nenda umechelewa na uondoke mapema, au tuma zawadi tu. Na mwambie wifi ukweli kwa sentensi moja: "Nampenda mwanao, ila nikimwona anakimbia roho inaniuma, usinione nimekununia." Mara nyingi wifi naye huwa haelewi kwa nini umebadilika.

Mama mkwe anataka sababu, naye ameishika iliyo karibu. Mtoto aliyetoka baada ya uchungu mrefu, hakulia, na siku ya pili akapata degedege, mara nyingi ubongo wake uliumia kwa kukosa hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa. Kwa wengine ni manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au kuzaliwa kabla ya siku. Ukoo wenu hauingii hapo. Kubishana na mtu mzima hakutakupa kitu. Mjibu kwa adabu, maneno yaleyale kila mara: "Mama, daktari amesema ubongo uliumia wakati nazaa. Naomba uje umshikie saa kumi na moja nikikoroga uji." Jambo la ajabu ni kwamba bibi aliyepewa kazi moja yenye saa yake, na akaona mtoto amemeza mkononi mwake, huanza kusema maneno mengine. Wapo wasiobadilika. Hao wape nafasi ndogo, hasa jioni.

Tumefika pale ambapo uliandika hujamwambia mtu. Wazazi wanaolea watoto wenye ulemavu mkubwa huwaza hivyo mara nyingi kuliko wanavyosema. Katika barua yako neno "apumzike" limetangulia "nipumzike", na ndivyo tulivyolisoma: ni ombi la mateso kuisha. Wazo lililopita usiku likakuchoma asubuhi si kosa la kuungama kila siku. Ila kuna mpaka, na tunakuomba uujue. Wazo likianza kuwa na namna na saa, ukijikuta unaiangalia ile chupa ya dawa, au unawaza wewe mwenyewe usiamke, mwambie mtu siku hiyohiyo, mumeo au jirani, dawa zishikwe na mtu mwingine, na wewe uende hospitali. Pia kama kwa wiki mbili karibu kila siku huna hamu ya chochote, unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, au chakula hakipiti, hiyo inaweza kuwa sonona. Inatibika, na kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa ndiyo mahali pake.

Kuhusu gharama, mwanao yuko chini ya miaka 5, na kwa sera ya Tanzania matibabu yake katika vituo vya umma ni bila malipo. Itumie miezi hii iliyobaki kwa ile eksirei na kwa daktari wa meno. Akifikisha miaka 5, anayeshughulikia misamaha ni afisa ustawi wa jamii, hospitalini au halmashauri, basi mjue kabla hujamhitaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya elimu kama wenzake, kwa hiyo anza sasa kuulizia shule ya msingi yenye kitengo maalumu. Ukipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ina huduma za mazoezi kwa watoto wenye hali hii. Na pale kliniki ulipo, waulize kama kuna kikundi cha wazazi. Mama mwenye mtoto kama wako atakuonyesha namna ya kukifunga kile kiti kuliko sisi kwa maandishi. Simu 116, ya msaada kwa mambo ya watoto, nayo ni bure, na mzazi anayeogopa kumuumiza mwanawe anaweza kuipiga.

Hofu yako ya kunyang'anywa mtoto tumeielewa, na ndiyo inayowafungia wengi ndani. Mzazi anayekwenda mwenyewe kuomba afundishwe ndiye hasa kliniki ile imewekwa kwa ajili yake. Kuanzia leo hadi Alhamisi, andika kwenye daftari la mahesabu ya vitumbua mistari miwili kila siku: mlo ulianza saa ngapi na kuisha saa ngapi, na hasira ilipanda saa ngapi. Nenda nalo. Nenda na kijiko chake na bakuli dogo la ndizi iliyopondwa, uombe mtaalamu amwone akila, kwa kuwa maelezo ya mdomo peke yake hayaonyeshi shingo inavyorudi nyuma. Na kabla hujaketi, mwambie haya, hata kama sauti itatetemeka:

"Mwanangu anapaliwa kila mlo. Chakula cha usiku kinachukua saa moja na nusu. Nimempiga mara mbili, na sitaki kumpiga tena. Nionyeshe jinsi ya kumlisha."